Kocha wa Muda: Kisa cha Desiree Ellis na Makocha Wetu wa Kike Mombasa

Desiree Ellis alivaa jezi ya timu ya taifa ya Afrika Kusini kwa mara ya kwanza Mei 1993, akiwa na miaka 30. Hapa kwetu Mombasa msichana anayecheza mpira akifika 25 huwa keshaulizwa na kila shangazi ataacha lini. Ellis ndiyo kwanza alikuwa anaanza. Katika mechi hiyo, dhidi ya Swaziland, timu yake ilishinda 14-0 na yeye akatia wavuni mabao matatu.

Kuchelewa huko hakukuwa kosa lake. FIFA ilikuwa imeifungia Afrika Kusini miaka mingi kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, na nchi hiyo haikurudishwa hadi 1992. Ellis alizaliwa Machi 1963 Salt River, mtaa wa Cape Town, akakulia kwenye mpira wa mtaani pamoja na wavulana. Miaka yake ya ishirini, ile ambayo kiungo ana pumzi ya kukimbia dakika zote 90 na akili tayari imekomaa, iliishia kwenye ligi za nyumbani kwa sababu hapakuwa na jezi ya taifa ya kuigombania. Alipoanza kuitwa alikuwa ameajiriwa kuchanganya viungo vya kutilia nyama. Kazi hiyo aliipoteza kwa sababu ya mpira. Naomba msomaji aliweke hilo akilini, litatufaa mbele.

Akawa nahodha wa Banyana Banyana, timu ya taifa ya wanawake ya Afrika Kusini, kwa miaka mingi. Mwaka 2000 timu ilimaliza ya pili Afrika kwenye ardhi ya nyumbani, 2002 akanyanyua kombe la COSAFA, la nchi za kusini mwa Afrika, na mwaka huo akatundika njumu akiwa na miaka 39 na mechi 32 za kimataifa.

Wengi wakisimulia habari zake hurukia 2022, usiku wa Rabat alipotwaa ubingwa wa Afrika. Mimi nataka tusimame kwenye kipindi kisichokuwa na picha za kupamba ukuta: kuanzia mwishoni mwa 2016 hadi Februari 2018, alipokuwa kocha wa muda. Nafuatilia timu za wasichana hapa Mombasa kwa karibu, na kila nikikipekua kipindi hicho naona ndani yake jambo ambalo vilabu vyetu vinalikosea karibu kila msimu.

Mwaka 2014 Afrika Kusini ilimwajiri Vera Pauw kutoka Uholanzi, naye Ellis akawa msaidizi wake. Wakaenda pamoja Olimpiki ya Rio 2016. Walifungwa 1-0 na Uswidi, wakafungwa 2-0 na Uchina, wakatoka sare tasa na wenyeji Brazili, wakaaga bila kufunga bao hata moja. Pauw akaondoka. Kombe la Mataifa ya Afrika kwa Wanawake, WAFCON, lilikuwa mlangoni, Kameruni, na timu haina kocha. Shirikisho likafanya lile ambalo mashirikisho hufanya yakibanwa: likamkabidhi msaidizi, kwa muda. Ellis alikuwa na miaka 53.

Mashindano hayo ya Kameruni Wakenya tunayakumbuka, maana ndiyo yaliyokuwa ya kwanza kwa Harambee Starlets, timu yetu ya taifa ya wanawake. Kocha David Ouma alitufikisha, tukafungwa na Ghana, tukafungwa na Mali, tukafungwa na Nigeria, tukarudi. Lakini walikuwepo pale makocha wawili wa kike, wote waliokuwa manahodha wa nchi zao: Ellis, na Florence Omagbemi wa Nigeria. Wakakutana nusu fainali. Nigeria ikashinda 1-0, kisha ikawafunga wenyeji Kameruni 1-0 kwenye fainali, na Omagbemi, aliyekuwa bingwa wa Afrika kama mchezaji, akawa bingwa tena kama kocha. Ellis alipoteza hata mechi ya kutafuta nafasi ya tatu, mbele ya Ghana.

Ukiwa umekaa mkahawani Novemba ile na mtu akakuuliza ni yupi kati ya hawa wawili atakayekuwa kazini miaka sita mbele, ungejibu bila kufikiri mara mbili.

Mambo yakaenda kinyume. Desemba hiyo wachezaji wa Nigeria walikataa kuondoka hotelini Abuja na wakaandamana barabarani wakidai pesa zao za ushindi. Mwaka wote wa 2017 timu bingwa ya Afrika haikucheza mechi. Mapema 2018 akaletwa Thomas Dennerby kutoka Uswidi, na Omagbemi hakupewa nafasi ya kulitetea kombe alilolileta. Jambo hili linaniuma hadi leo, na sioni kwa nini halizungumzwi zaidi. Kama kombe lenyewe halimlindi kocha mwanamke, basi tukubali kwamba kinachotafutwa kwake hakikuwa matokeo.

Ellis yeye, na nafasi yake ya nne, aliachwa pale pale. Si kwamba alithibitishwa haraka. Alibaki wa muda kwa zaidi ya mwaka. Kocha wa muda yuko mahali pagumu kuliko watu wanavyodhani: akimwacha nje mchezaji mkubwa, mchezaji anajua kwamba huenda mwezi ujao kocha ni mwingine, kwa hiyo hana haja ya kubadilika. Akitaka kulea chipukizi watakaoiva baada ya miaka mitatu, wakubwa wanamuuliza kwa nini anapanga mambo ya wakati ambao si wake. Anadaiwa ushindi wa leo na hapewi kesho. Wanaume wengi wakishikishwa timu namna hii hukataa baada ya wiki chache au hudai mkataba. Wanawake wengi huvumilia, kwa sababu wanajua foleni ya kazi nyingine haipo.

Septemba 2017, bado akiwa wa muda, alikwenda Bulawayo akawafunga wenyeji Zimbabwe 2-1 katika fainali ya COSAFA. Februari 2018 shirikisho likamthibitisha. Tangu atundike njumu ilikuwa imepita miaka 16.

Mwishoni mwa mwaka huo, kwenye WAFCON ya Ghana, akakutana na Nigeria ya Dennerby mara mbili. Kwenye makundi aliifunga 1-0 kwa bao la Thembi Kgatlana. Kwenye fainali wakamaliza bila bao, na Nigeria ikashinda 4-3 kwa mikwaju ya penalti. Kombe halikuja, ila tiketi ya Kombe la Dunia ilikuja, ya kwanza katika historia ya wanawake wa Afrika Kusini, na Ellis akatajwa kocha bora wa mwaka wa soka la wanawake Afrika.

Sasa tufike 2019, mwaka ambao kwangu ndio moyo wa kisa hiki. Kombe la Dunia Ufaransa: Uhispania 3-1, Uchina 1-0, Ujerumani 4-0. Mechi tatu, pointi sifuri. Miezi michache baadaye, katika kufuzu Olimpiki ya Tokyo, Botswana ikawatoa Banyana kwa penalti baada ya mechi mbili zisizo na bao. Timu iliyotoka Kombe la Dunia inatolewa na jirani mdogo. Hapo ndipo barua za kuachishwa kazi huandikwa. Kila hoja ilikuwepo mezani: hajawahi kuchukua kombe la bara, kafungwa zote Ufaransa, kashindwa na Botswana. Na mwanamke, ingawa hilo huwa haliandikwi, husemwa pembeni.

Barua haikuandikwa. Akaendelea na wachezaji wale wale waliokuwa wakikua mikononi mwake, akashinda COSAFA ya 2020, akaenda Lagos 2021 akawafunga Nigeria 4-2 kwao katika Kombe la Aisha Buhari. Julai 2022, kwenye WAFCON ya Moroko, akawafunga Nigeria tena kwenye makundi, akapita robo na nusu kwa 1-0 na 1-0, huku Kgatlana akiwa ameumia na yuko nje. Fainali ya Rabat, uwanja umejaa wenyeji, Hildah Magaia akafunga mawili na Moroko ikarudisha moja. Afrika Kusini ilikuwa imemaliza ya pili mara 5 tangu 1995. Aliyeivusha ana miaka 59, na alikuwa nahodha wa mojawapo ya timu zile zilizokomea nafasi ya pili.

Kubadilisha nahodha kila dau likikutana na wimbi hakumfikishi mtu Lamu. Afrika Kusini ilimwacha mtu mmoja ajue wimbi liko wapi. Nayasema haya nikijua kwamba shirikisho lao si malaika, na mwaka uliofuata ulionyesha.

Julai 2023, siku chache kabla ya kuondoka kwenda Kombe la Dunia, wachezaji waligoma kucheza mechi ya kirafiki na Botswana. Walikuwa wakidai mikataba na malipo yaeleweke, na uwanja waliopangiwa hawakuuridhia. Mechi ikachezwa na kikosi cha kuokoteza, msichana wa miaka 13 akiwemo, wakafungwa 5-0. Mzozo ukatulizwa baada ya wakfu wa bilionea Motsepe kuongeza pesa. Kocha katikati ya ugomvi kama huo anasimama kati ya mwajiri wake na wanawe. Ellis ni mtu aliyewahi kupoteza riziki kwa sababu ya mpira. Hakuna mchezaji aliyehitaji kumfundisha maana ya kudai chako. Wiki chache baadaye timu hiyo hiyo ilifungwa 2-1 na Uswidi, ikatoka 2-2 na Argentina, kisha Wellington, tarehe 2 Agosti, ikaifunga Italia 3-2 kwa bao la Kgatlana la dakika za nyongeza, ikaingia 16 bora. Uholanzi ikawatoa 2-0. Timu iliyogawanyika na kocha wake haifungi bao lile la Wellington. Huo ni uamuzi wangu mimi, sina kipimo cha kuuthibitisha, lakini nimeutazama mpira wa kutosha kuujua.

Katika Kombe la Dunia hilo timu 32 zilikuwa na makocha wakuu wanawake 12. Afrika ilipeleka timu 4. Ni Ellis peke yake aliyekuwa mwanamke.

Turudi nyumbani.

Kuna kocha mmoja upande wa Likoni, jina lake silitaji kwa kuwa mambo haya bado yanajadiliwa. Alikuwa beki mzuri, goti likamtoa mapema. Akaanza na wasichana wa shule ya msingi kwenye uwanja wa vumbi, koni zake ni chupa za maji zilizokatwa nusu na kujazwa mchanga. Asubuhi huuza mahamri na mbaazi, jioni yuko uwanjani. Nimekaa pembeni nikimtazama akifundisha. Huwapanga wanne nje, wawili katikati, mraba mdogo, miguso miwili. Msichana mmoja, hijabu imefungwa vizuri (sheria za mpira zimeiruhusu tangu 2014, ingawa wapo wazee wanaodhani bado ni marufuku), alikuwa anapokea mpira ameipa mgongo nafasi iliyo wazi na kila mara anaporwa. Kocha hakupiga kelele. Alimwendea, akamshika mabega mawili, akamgeuza robo. "Ukisimama hivi unaona nini?" "Naona Mariamu." "Na hivi?" "Naona Mariamu na goli." "Basi pokea na mguu huu wa mbali. Twende." Mpira uliofuata ulipita. Kumfungua mchezaji mwili kwa maneno machache kiasi hicho ni ufundi ambao wengi wenye vyeti hawana.

Ikikaribia Maghrib mazoezi yanafungwa, hata kama mchezo umenoga. Wanaovuka kwenda Kisiwani anawasindikiza hadi feri, wa Likoni anahakikisha wanaondoka kwa vikundi. Akina mama wanajua hivyo. Mmoja aliniambia waziwazi: "Mimi mwanangu namwachia yule dada. Mwanamume simjui, hata awe mzuri vipi." Nusu ya timu ile isingekuwepo kama si imani hiyo.

Wasichana wakakua. Timu ikaanza kushinda mechi za kaunti, ikapata jezi kutoka kwa mfadhili, na ghafla kamati ikaona inahitaji kocha wa "ngazi". Akaletwa kaka mmoja. Dada akaambiwa: "Wewe endelea na watoto, huko ndiko unakoweza zaidi." Akabaki msaidizi kwa jina, mbeba mipira kwa kazi. Msimu haukuisha kabla ya wachezaji wakubwa kadhaa kuacha kuja. Wengine wazazi waliwazuia, wengine walikata tamaa wenyewe. Kaka naye, matokeo yalipodorora, akaondoka bila kuaga. Unadhani timu alikabidhiwa nani? Dada, kwa muda.

Nilimuuliza mzee mmoja wa kamati, mtu ninayemheshimu, kwa nini asithibitishwe moja kwa moja. "Mwanangu, huyu dada ana moyo," akaniambia, "lakini karatasi hana." Nikamuuliza karatasi ya yule kaka ilipatikanaje. Klabu ilimlipia kozi. Nilimshikilia hapo kwa heshima: mzee wangu, kwa nini pesa hiyo haikumlipia aliyeijenga timu? Alinyamaza kidogo, akasema hawakuwahi kulifikiria hivyo. Namwamini. Hakuna njama. Ni mazoea tu, na mazoea ndiyo yanayotumaliza.

Leseni za ukocha zina ngazi zake, kuanzia D kwenda juu, na hakuna aliyezaliwa nayo. Kozi zina ada, zina siku za kushinda darasani, mara nyingi mbali na nyumbani. Mtu anayeishi kwa mahamri ya asubuhi akikosa siku hizo amekosa chakula cha wanawe. Kijana asiye na familia anaenda. Halafu tunasema wanawake hawana karatasi.

Sisemi mwanamume asifundishe wasichana. Ouma ndiye aliyetufikisha WAFCON ya kwanza, na wapo makaka hapa Mombasa wanaofanya kazi ya uaminifu kabisa. Wala sisemi kila aliyecheza anaweza kufundisha. Nimewaona wachezaji hodari wasioweza kumweleza mtoto kwa nini pasi yake imepotea. Ninachosema ni kwamba Ellis alipata kitu kimoja ambacho Omagbemi hakukipata na ambacho dada wa Likoni hakijui: ruhusa ya kufungwa na kubaki. Bila 2019 yake hakuna 2022 yake. Kaka wa kamati alifungwa mechi nyingi kabla mtu hajamuuliza. Dada akifungwa moja, simu ya mfadhili imeshalia.

Wala hatuna haja ya kwenda hadi Cape Town kuona kwamba inawezekana. Mildred Cheche aliiongoza Junior Starlets kwenye Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17, Jamhuri ya Dominika, 2024, na hiyo ndiyo timu ya kwanza ya Kenya kucheza Kombe la Dunia la FIFA la ngazi yoyote. Wakafungwa na Uingereza, wakafungwa na Korea Kaskazini, kisha wakaifunga Mexico 2-1. Jackline Juma alikabidhiwa FC Talanta, timu ya wanaume ya Ligi Kuu, mwaka 2023. Vipaji vya kufundisha vipo. Kinachokosekana huku chini, kwenye ngazi ya kaunti ambako makocha hawa huanzia, ni mtu wa kuwashikilia kwa miaka minne badala ya mechi nne.

Na ukiniuliza gharama, jibu ni dogo kuliko tunavyojitisha. Ada ya kozi ya kwanza ya leseni, na posho ya kufidia siku atakazofunga biashara, ni pesa ambazo klabu ile ilizitumia kwa seti ya pili ya jezi ambayo haijavaliwa hadi leo. Mkataba ni karatasi moja. Uandike kwamba ni kocha mkuu, uandike misimu mitatu, uandike kwamba atapimwa kwa idadi ya wasichana waliobaki kwenye timu na kwa walivyokua kimchezo, sambamba na pointi za ligi. Ellis alipimwa kwa mambo mengi. Angepimwa kwa pointi za Ufaransa pekee leo tungekuwa tunamsoma kama jaribio lililoshindwa.

Kamati ya timu ile inakutana kabla ya usajili kufunguliwa. Nimeomba nafasi ya kuzungumza na mzee amenikubalia. Nitapeleka maombi mawili: neno "wa muda" lifutwe kwenye barua yake, na jina lake liwe la kwanza kwenye orodha ya watakaolipiwa kozi ijayo. Wazazi kadhaa, akina mama hasa, wamesema watakuja pia na watakaa hadi kura ipigwe.